Kabla hujatia saini: namna ya kulisoma jaribio la tiba ya saratani ya vulva

Nesi aliweka mezani karatasi 19 zilizobanwa pini, za kuniomba niingie jaribio la tiba, akaniambia, "Mama, nenda nazo nyumbani ukazisome. Leo usitie saini." Nikazitia kwenye mkoba, juu ya tepu yangu ya kupimia. Mimi ni fundi cherehani, kazi niliyoifanya miaka 31, na tepu haitoki mkobani hata nikienda hospitali.

Usiku ule nilisoma kurasa tatu nikachoka. Kesho yake nikaanza upya na kalamu mkononi, kila neno nisilolielewa nikalipigia mstari. Yalipita 40. Niliyoyapata katika karatasi zile, na baadaye kwa kukaa na wanawake wengine waliopewa karatasi kama zangu, ndiyo ninayoyaandika hapa. Kubwa ni moja: kila jaribio la tiba, yaani utafiti unaopima tiba au vipimo kwa wagonjwa, ni swali. Ukiweza kulisema swali hilo kwa sentensi moja, kwa maneno yako mwenyewe, na ukaweza kusema ungetibiwaje kama ungekataa kuingia, hapo uko tayari kuamua. Ukishindwa, bado hujaelezwa vya kutosha, hata kama umeelezwa saa nzima.

Anza na vipimo vyako

Vulva ni sehemu zote za nje za uke: mashavu makubwa na madogo, kinembe, na ngozi inayouzunguka mlango. Nazitaja kwa majina yake kwa sababu mimi nilishindwa kuzitaja miaka miwili. Nilisema "huku chini kunaniwasha," nikapewa dawa ya fangasi. Ikaisha, nikapewa nyingine. Hakuna aliyeniambia nipande kitandani anitazame, nami sikuomba. Alipopatikana wa kutazama, palikuwa tayari na kidonda chenye kingo ngumu. Ukiona haya kusema, onyesha kwa kidole, lakini usitoke chumbani bila kutazamwa.

Saratani hii ni adimu. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa wanawake wapatao 45,000 duniani kote waligunduliwa kuwa nayo, wakati ya shingo ya kizazi ilipata zaidi ya 600,000. Ndiyo maana majaribio yake ni machache, na makubwa kati yake huunganisha hospitali za nchi nyingi. Hospitali moja peke yake ingekaa miaka bila kupata wagonjwa wa kutosha kulijibu swali.

Basi kabla ya kutafuta jaribio, omba nakala ya ripoti ya maabara, ile ya kinyama kilichokatwa kwako. Tafuta humo upana wa uvimbe kwa sentimita, kisha kina chake, yaani saratani imezama nyamani milimita ngapi. Namba hizi mbili ndizo zinazofungua na kufunga milango mingi. Uvimbe usiozidi sentimita 2, uliozama milimita 1 au pungufu, kwa kawaida hauhitaji tezi za kinena kuguswa. Upimaji wa tezi mlinzi, ambao nitaueleza, hufanyiwa uvimbe mmoja ulio chini ya sentimita 4.

Halafu tafuta alama mbili, p16 na p53. Saratani ya ngozi ya vulva huja kwa njia mbili. Moja hupitia kirusi cha HPV, hasa aina ya 16. Nyingine hupitia ugonjwa wa ngozi wa muda mrefu uitwao laikeni sklerosasi, unaoifanya ngozi kuwa nyeupe, nyembamba na ya kuwasha. Ikiwa p16 imejitokeza kwa nguvu, inaelekeza kwenye HPV. P53 isiyo ya kawaida inaelekeza kwenye njia ya pili. Tangu 2020 Shirika la Afya Duniani linazihesabu kuwa aina mbili tofauti. Yangu ilikuwa ya njia ya pili, kwa hiyo chanjo za majaribio zinazoishambulia HPV hazikuwa zangu, na kulijua hilo mapema kuliniokolea siku nyingi za kutumaini bure.

Jambo moja zaidi, na hili naomba ulishike: kinyama cha vipimo kiwe kipande tu. Uvimbe mzima ukiondolewa kabla mpango haujapangwa, tezi mlinzi huwa ngumu kuipata kwa uhakika, na jaribio unaloweza kulihitaji linaweza kukukataa kwa sababu hiyo peke yake.

Kulitafuta

Muulize kwanza daktari wako: "Kuna utafiti ninaoweza kuingia, hapa au pengine?" Usiishie hapo, maana hata daktari bingwa hawezi kuwa na majaribio yote kichwani. Kuna daftari la wazi la ClinicalTrials.gov, ambalo ni la Marekani lakini lina majaribio ya nchi nyingi, na kuna tovuti ya Shirika la Afya Duniani iitwayo ICTRP, inayokusanya madaftari ya nchi mbalimbali mahali pamoja. Andika "vulvar cancer", hivyohivyo kwa Kiingereza. Halafu tafuta tena kwa saratani zinazotokana na HPV, na tena kwa saratani za viungo vya uzazi vya mwanamke, kwa sababu majaribio mengi ya dawa mpya huwapokea wagonjwa wa vulva bila kuitaja vulva kwenye kichwa chake.

Kila jaribio lina namba. Za ClinicalTrials.gov huanza na NCT kisha tarakimu nane. Nakili namba kabla ya kitu kingine chochote. Ukimpa daktari namba, hakuna kubabaishana majina. Angalia kama jaribio lina neno "Recruiting", yaani bado linapokea watu. Nimewahi kumwona binti aliyemtafutia mama yake jaribio kwa wiki mbili, kumbe lilifungwa zamani.

Kisha shuka kwenye vigezo vya nani anapokelewa na nani hapokelewi. Sisplatini, dawa ya kuua seli za saratani, inataka figo zinazofanya kazi vizuri, kwa hiyo watauliza kipimo cha figo. Tiba ya kinga, inayouamsha mwili uishambulie saratani, mara nyingi huwakataa wenye magonjwa ambayo kinga ya mwili inajishambulia yenyewe, kama baridi yabisi ya aina hiyo. Utaona pia alama ya nguvu za mwili kuanzia 0: sifuri ni mtu anayefanya shughuli zake zote, na kadiri namba inavyopanda ndivyo mtu anavyozidi kukaa kitandani. Na wewe unayeishi na virusi vya UKIMWI, usijiondoe mwenyewe. Hatari ya saratani hii kwako ni kubwa kuliko kwa wengine, na ingawa zamani majaribio mengi yaliwafungia nje watu kama wewe, siku hizi yapo yanayowapokea walio kwenye dawa na wenye kinga nzuri. Kisome kigezo hicho kwa macho yako.

Swali lenyewe

Nitachukua mfano mmoja niuvute mrefu, kwa sababu ndio ulionifungua macho. Saratani ya vulva ikisafiri, kituo chake cha kwanza ni tezi za kinena, palepale panapoota mtoki. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuzitoa zote. Iliponya wengi, ikawaachia miguu iliyojaa maji maisha yao yote, na vidonda vya kinenani visivyotaka kufunga.

Basi watafiti wakauliza: je, mionzi inaweza kushika nafasi ya kisu? Jaribio la GOG 88, lililochapishwa 1992, liliwagawa wanawake makundi mawili kwa bahati nasibu. Lilisimamishwa mapema likiwa na wanawake 58 tu. Katika kundi la mionzi saratani ilirudi kinenani kwa 5 kati ya 27. Katika kundi la upasuaji haikurudi kwa yeyote kati ya 25. Baadaye ikaonekana kwamba mionzi ile haikupigwa kwa kina cha kutosha kuzifikia tezi zenyewe. Kwa hiyo hata jaribio lenye swali zuri linaweza kukosewa upimaji wake, sawa na kitambaa kizuri kilichokatwa vibaya.

Swali la pili lilikuwa na busara zaidi: kwa nini tusiitafute tezi ya kwanza kabisa inayopokea maji ya kutoka kwenye uvimbe, tukaipima hiyo? Hiyo ndiyo tezi mlinzi. Ikiwa safi, zilizo nyuma yake haziguswi. Utafiti wa GROINSS-V, wenye wanawake 403, ulitoa jibu mwaka 2008. Kwa waliokuwa na uvimbe mmoja na tezi mlinzi safi, saratani ilirudi kinenani kwa asilimia 2.3. Mguu wa kuvimba uliwapata kama 2 kati ya 100, ikilinganishwa na 25 kati ya 100 kwa waliotolewa tezi zote. Ukisoma namba hizo ukiwa mtu ambaye kazi yake ni kukanyaga cherehani mchana kutwa, zinakugusa.

Swali la tatu: na tezi mlinzi ikikutwa na saratani, je, mionzi inatosha bila kuzitoa nyingine? GROINSS-V II iliandikisha wanawake zaidi ya 1,500 kuanzia 2005 hadi 2016. Katikati ya safari, Juni 2010, waliokuwa wakiyatazama matokeo waliona saratani inarudi kupita kiwango walichokubaliana tangu mwanzo. Jaribio likabadilishwa hapohapo. Walipochambua waliona shida iko kwa wanawake ambao saratani ndani ya tezi ilizidi milimita 2. Hao wakarudishiwa upasuaji, na wenye milimita 2 au pungufu wakaendelea na mionzi. Mwishoni, kwa kundi hili la pili, saratani ilirudi kinenani kwa asilimia 1.6 tu katika miaka miwili, lakini kwa waliozidi milimita 2 na kupata mionzi peke yake ilikuwa asilimia 22.

Niliposoma hapo nilitoa tepu mkobani nikaitazama milimita 2. Ni urefu wa mshono mmoja wa cherehani, tundu la sindano hadi tundu linalofuata. Nikakaa nikiutazama. Kwa urefu huo mtu anapewa mionzi au anapewa kisu, na tunaujua mpaka huo kwa sababu wapo wanawake waliokubali kuingia, na wapo watu waliokuwa macho wakasimamisha.

Kwa hiyo, swali ambalo lazima liulizwe kwenye jaribio lolote ni hili: "Nani anayatazama matokeo wakati jaribio linaendelea, na ni kitu gani kitawafanya walisimamishe?" Wengi huniambia, "Wanatujaribia tu." Jibu la swali hili ndilo litakalokuonyesha kama ni kweli.

Sasa linaulizwa swali la nne, katika GROINSS-V III: kwa waliozidi milimita 2, je, mionzi ya nguvu zaidi pamoja na sisplatini ya kila wiki inaweza kushika nafasi ya upasuaji? Mama mmoja niliyejuana naye alikuwa na milimita 5, akaelezwa utafiti wa namna hiyo. Akauliza, "Nisipoingia?" Akaambiwa: tezi zitatolewa zote, na huenda ukahitaji mionzi hata baada ya hapo. Akafikiri siku mbili, akachagua upasuaji. "Nikijua zimebaki ndani," aliniambia, "sitapata usingizi." Alilielewa swali akalikataa, na mimi naona aliamua vizuri kabisa.

Jaribio langu mimi lilikuwa dogo, la upimaji. Njia ya kawaida ya kuipata tezi mlinzi ni kuchoma dawa yenye mionzi hafifu, teknesiamu, kuuzunguka uvimbe, pamoja na rangi ya bluu. Swali langu, kama nilivyoliandika nyuma ya karatasi ya kwanza: "Je, rangi ya kijani inayoonekana kwa kamera maalumu itaikuta tezi ileile iliyokutwa na teknesiamu?" Ningekataa, ningepata njia ya kawaida. La ziada kwangu lilikuwa sindano ya rangi hiyo, ambayo ningechomwa nikiwa nimelala usingizi wa upasuaji. Waliniuliza mara tatu kama iodini inanidhuru, kwa kuwa rangi ile ina iodini ndani yake.

Za teknesiamu nilichomwa macho yangu wazi. Walinipaka dawa ya ganzi, kisha sindano nne, moja kila upande wa kidonda. Sitakuficha: ganzi au si ganzi, nilimshika nesi mkono nikauminya. Ilikwisha kabla ya dakika mbili. Halafu nikalazwa chini ya mashine, na kwenye kioo nikaona doa moja jeusi upande wa kushoto wa kinena, dogo kama kifungo cha shati, na la pili kulia. Daktari akaweka alama kwenye ngozi kwa kalamu ya wino, kama mimi ninavyoweka kwa chaki. Zilitolewa tezi mbili. Zote safi.

Maswali mengine yanayoulizwa siku hizi

Kuhusu tiba ya kinga, usiingie na matumaini ya kuhadithiwa. Katika utafiti wa KEYNOTE-158, wanawake 101 wenye saratani ya vulva iliyoendelea walipewa pembrolizumabu peke yake. Uvimbe ulinywea vya kutosha kuhesabika kwa 11. Ni wachache, ila kwa baadhi yao nafuu ilidumu zaidi ya mwaka, katika ugonjwa ambao ukifika hapo dawa ni chache. Ndiyo maana watafiti sasa wanajaribu kuichanganya na mionzi au na dawa nyingine.

Kwa uvimbe mkubwa uliokaribia njia ya mkojo au ya haja kubwa, swali ni namna ya kuepuka upasuaji unaoondoa viungo hivyo. GOG 205 iliwapa wanawake 58 mionzi na sisplatini kila wiki, na kwa nusu yao hapakukutwa seli ya saratani baadaye. GOG 279 ikaongeza jemsitabini, dawa nyingine ya saratani, na mionzi inayolengwa vizuri zaidi, na kwa 38 kati ya 52 hapakukutwa kitu. Namba zinapendeza, lakini wagonjwa wa tafiti mbili tofauti hawalingani, usizipange kando kwa kando kama mechi.

Walio kwenye hatua ya kabla ya saratani wana habari njema zaidi. Jaribio la Austria lenye wanawake 110, lililochapishwa 2022, lililinganisha krimu ya imikwimodi na upasuaji kwa mabadiliko makali ya ngozi ya vulva: vidonda viliondoka kwa kama 80 kati ya 100 kwa krimu na 79 kwa kisu. Krimu hupakwa kwa miezi, na huchoma. Kuna pia chanjo za tiba, tofauti na ile ya kinga wanayopewa wasichana. Katika utafiti mdogo wa Uholanzi wa 2009, vidonda vilivyoletwa na HPV 16 vilitoweka kabisa kwa wanawake 9 kati ya 19 baada ya mwaka mmoja.

Ninaoutamani kuliko yote ni wa vipimo. Watafiti wanachunguza alama za kikemikali kwenye vinasaba vya ngozi yenye laikeni sklerosasi, wapate kujua ni nani kati ya wanawake wengi wanaowashwa atapata saratani na nani hatapata. Anayeingia utafiti kama huo mara nyingi hutoa kinyama na ruhusa tu. Kama utafiti huo ungekuwepo nilipokuwa nikipaka dawa ya fangasi, ningeuingia siku hiyohiyo.

Siku ya kuelezwa

Nenda na mtu, naye aandike. Wewe utakuwa unasikiliza kwa hofu, na hofu haishiki namba.

Uliza jaribio liko awamu gani. Awamu ya kwanza inatafuta kipimo cha dawa kisichodhuru. Nafuu kwako inawezekana lakini siyo lengo lake, na mtu mwaminifu atakwambia hivyo waziwazi. Awamu ya pili inatazama kama dawa inafanya kazi, ya tatu inailinganisha na tiba ya kawaida. Kama kuna bahati nasibu, fahamu kwamba kompyuta ndiyo inayokupanga, daktari hawezi kukuchagulia kundi hata akikupenda. Uliza pia kama kuna kundi linalopewa dawa isiyo na kitu ndani, na kama hilo nalo linaendelea kupata tiba ya kawaida.

Uliza ni kipi cha ziada kuliko tiba ya kawaida: safari ngapi, sindano ngapi, vinyama vingapi, na nani analipia kila kimoja. Uliza nani atakutibu ukidhurika. Uliza vinyama vyako vitahifadhiwa miaka mingapi na kwa kazi gani. Kama bado unazaa, uliza masharti ya kuzuia mimba. Kama utapata mionzi, uliza kuhusu uke kukaza na tendo la ndoa. Hakuna atakayeanza kukuambia hilo, nawe una haki ya kujua.

Na picha. Tafiti za krimu na za vidonda hupiga picha za vulva kila unapokuja, ili wapime kama kidonda kinapungua. Sikuwa nimelifikiria hilo mpaka mwenzangu aliponisimulia alivyoshtuka kuiona kamera. Uliza mapema nani atazitazama, zitakaa wapi, na kama jina lako litakuwepo. Uliza nani atakuwemo chumbani ukipimwa. Unaweza kusema hutaki wanafunzi, au unataka mwanamke awepo. Wataandika kwenye jalada.

Unaweza kutoka wakati wowote bila kutoa sababu, na tiba yako ya kawaida haipaswi kuguswa. Haki hiyo imo katika Azimio la Helsinki, lililopitishwa na madaktari wa dunia mwaka 1964 na kurekebishwa mara kadhaa tangu hapo. Uliza tu vipimo vilivyokwisha kuchukuliwa vitafanywaje ukitoka.

Ukishatia saini, dai nakala yako, na uandike namba ya jaribio na simu ya nesi wa utafiti kwenye karatasi ndogo ya kukaa kwenye pochi. Ukiugua ghafla usiku ukapelekwa hospitali nyingine, daktari wa zamu atahitaji kujua ni dawa gani iko mwilini mwako.

Kwenye fomu yangu, ukurasa wa 18 chini kabisa, kulikuwa na kisanduku kidogo cha kuweka alama kama unataka uletewe matokeo jaribio likiisha. Nusura nikipite. Kitafute, ukiweke alama.